Jina Ambalo Sikuliita Loashi

Harufu ya pareto inayokaushwa si mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi tangu siku ya kwanza, kwa maana nilikuwa nimejiandaa kuichukia. Ni harufu ya majani makavu, yenye uchungu kidogo unaobaki kooni, na ukikaa nayo wiki mbili huisikii tena. Ni mgeni ndiye anayekuambia kwamba nywele zako, blanketi lako na hata uji wako vinanuka maua. Katika shamba la milima ya Masisi tulikohamia nilipokuwa na miaka saba, mabanda ya kukaushia yalitangulia kambi ya wafanyakazi, na asubuhi moshi wake ulishuka ukachanganyika na ukungu juu ya mapaa yetu, usijue upi ni upi. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wakitawala. Baba yangu alikuwa mpasua mbao kutoka msitu wa Walikale, na mzungu mwenye shamba alitaka watu wanaoujua msumeno mrefu unaovutwa na wawili. Baba aliandika jina lake kwenye mkataba wa miaka mitatu, kwa herufi alizofundishwa na katekista, akapendezwa na jinsi lilivyokaa pale juu ya mstari. Nadhani kama asingejua kuandika angefikiri zaidi.

Wapo wanaoamini kwamba msitu humfunga mtu na milima humfungua. Wanaosema hivyo hawakuzaliwa kwetu. Msituni nilikuwa na njia zangu mwenyewe: ya mtoni, ya kwa bibi, ya kutafutia uyoga, na nyingine ambayo haikuwa na kazi yoyote ila kwamba mimi ndiye niliyeikanyaga ikawa njia. Nyumba yetu ilikuwa na milango miwili, mmoja wa kuelekea uwanjani kwenye watu na mwingine wa kutokea migombani, na mtoto aliyekosa adabu mbele aliponea nyuma. Nyumba ya kambini ilikuwa ya matofali, bati juu, imara kuliko yoyote niliyowahi kuiona, na ilikuwa na mlango mmoja tu. Mlango huo ulitazama mlango wa jirani, nao wa jirani ukatutazama sisi, safu kwa safu, hivyo mama alipokwangua chungu safu nzima ilijua chakula kimekwisha. Nyuma ya nyumba pareto ilienda nyeupe kupanda kilima na kushuka kingine, bila hata mti mmoja wa kujifichia. Kipande cha reli kilining'inia kwenye nguzo. Kilipogongwa watu walitoka, kilipogongwa tena walirudi. Na barabarani ulilazwa mwanzi mrefu kutoka upande huu hadi ule, pamoja na mlinzi wake, ambaye sote tulimwita zamu. Kuingia hakukuwa na masharti. Kutoka kulihitaji karatasi. Mama alipenda kusema mwenda kwao si mtumwa, akautazama ule mwanzi, kisha akaendelea kuchagua maharage.

Mdogo wangu Byamungu alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Kabla hatujahama alikuwa ameanza kutembea, hatua tano au sita kutoka magotini mwa bibi hadi kwangu, na neno lake moja lililokamilika lilikuwa "yaya", ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. Nilijivunia neno hilo kana kwamba mimi ndiye niliyelitengeneza. Kambini, kazi yangu ilikuwa kumtunza ndani ya nyumba, kwa sababu malori yalipita katikati ya safu na mkuu wa kambi hakutaka kuona mtoto barabarani. Mama alienda kuchuma maua pamoja na wanawake wengine, na alipoondoka aliuzuia mlango kwa nje kwa kipande cha mti. Hakufanya hivyo kwa ukatili. Kila mama wa safu yetu alifanya vilevile. Sisi wawili tukaketi sakafuni tukitazama mwanga ukiingia kwa chini, ukasogea mpaka kwenye chungu, ukasogea mpaka ukutani, na hiyo ndiyo ilikuwa siku. Kuku wa jirani walikuwa na uhuru kutuzidi.

Hapa lazima nieleze habari ya mito. Katika ukoo wa mama yangu, mtoto asiyejua bado kutamka jina lake mwenyewe havushwi mto kimyakimya. Wanasema mwili wake hubebwa mgongoni, lakini kivuli chake huwafuata nyuma kwa miguu, na kikifika majini huogopa kama mtoto mwingine yeyote. Kwa hiyo anayembeba humwita kwa jina, tangu kukanyaga daraja mpaka ng'ambo, akimwambia waende, asibaki. Asiyeitwa hubaki kwenye ukingo akingoja, na mnachofika nacho ni mwili tu. Tulikuwa Wakristo, tena mama alibatizwa kabla ya baba, ila yeye alisema mto haukusoma katekisimu. Siku ya kuondoka, bibi yangu mzaa mama alijua kwamba binti yake atatapika njia nzima, maana alitapika hata kwenye mtumbwi. Akaniita mimi, akanifunga Byamungu mgongoni kwa kitambaa cha mama, akanitajia mito mmoja mmoja, Lowa, Oso na Loashi.

"Weye njo mukubwa," aliniambia kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho "njo" yake ni "ndiye" au "ndiyo". "Bale bote batasahau. Weye usisahau."

Sikusahau, na hilo ndilo nililolificha. Safari ilichukua siku mbili juu ya lori lililojaa watu, vyungu, mikungu ya ndizi na misumeno iliyofungwa kwa magunia. Kwenye daraja la Lowa niliita mpaka sauti ikakauka, wapasua mbao wenzake baba wakinicheka. Oso niliita pia. Mama alilala juu ya mizigo, macho yamefumba, mkono mmoja umeshika kisigino changu ili ajue nipo. Siku ya pili mchana baba alinyoosha kidole kuelekea maji ya Loashi chini bondeni, akasema kwa furaha ya kweli, "Tukivuka pale, njo kwetu." Neno hilo lilinichoma. Kwetu nilikuwa nakujua, na hakukuwa mbele yetu. Nikafanya hesabu ya mtoto wa miaka saba: Byamungu akibaki Loashi, mama hatakubali mwanawe abaki; atarudi kumchukua; na akishafika tena Loashi, kwa nini asimalizie njia mpaka kwa bibi? Magurudumu yakaanza kugonga mbao za daraja nami nikafunga mdomo. Byamungu alikuwa macho, akichezea sikio langu. Tulifika ng'ambo sijasema kitu.

Wiki ya pili kambini aliacha kutembea. Alikaa palepale alipowekwa. Posho ya kambi ilikuwa unga wa mahindi na maharage, naye alizoea ndizi zilizopondwa kwa mawese, akawa anageuza uso. Akanyonya kidogo, kisha hata ziwa akalikataa. Lile neno lake moja likapotea. Nilikaa naye nyuma ya mlango uliozuiwa nikimwambia, "Sema yaya, sema tu," naye akinitazama kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa na watu asiowafahamu. Mikono ikawa miembamba, tumbo likatangulia, nywele zikageuka rangi. Niliogopa asije akafa, na niliogopa nisije nikajulikana, na mpaka leo siwezi kusema hofu ipi ilikuwa kubwa. Mpango wangu ulikuwa umefaulu nusu: alikuwa amebaki kweli, lakini hakuna aliyeweza kurudi kumchukua. Sikuwa nimeuweka ule mwanzi katika hesabu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuja kabla meno yangu ya mbele hayajaota tena.

Mganga wa zahanati ya kambi, kijana mpole mwenye koti jeupe, alimpa dawa ya minyoo na maziwa ya unga. Baba aliomba asubuhi na jioni, magoti juu ya saruji. Mama alifanya yote waliyomwambia, kisha Jumapili moja mchana, baba akiwa bado kanisani, alinikalisha mbele yake na kuanza kuuliza polepole, bila hasira, huku akimpangusa Byamungu uso.

"Ku Lowa, ulimuita?"

"Nilimuita, mama."

"Ku Oso?"

"Nilimuita."

"Ku Loashi?"

Nilitazama vidole vya miguu yangu. Nilitamani anipige, kwa sababu fimbo huwa na mwisho. Hakunipiga. Aliuliza kwa nini, nami nikamwambia ukweli, kwamba nilitaka turudi kwa bibi. Hapo uso wake ulibadilika, akanivuta akanilaza kichwa pajani karibu na miguu ya Byamungu, na nikasikia tumbo lake likitikisika. Nilikuwa mtu mzima, na watoto wangu mwenyewe, ndipo nilipoelewa kwamba alilia kwa sababu naye alitaka hivyohivyo.

Baba aliposikia aliita hayo mambo ya bankambo, yaani ya mababu wa zamani, akasema Mungu hana haja ya daraja. Mama akamjibu, "Papa Feza, mutoto anaisha." Mimi ndiye Feza. Kesho yake baba alienda ofisini kuomba karatasi ya kumruhusu mkewe ashuke Loashi na watoto kwa siku moja. Karani alimuuliza sababu. Baba hakuweza kuitamka mbele ya karani, akasema ni mambo ya familia, naye karani akamjibu kwamba mambo ya familia yatangoja mkataba umalizike. Baba alirudi amekunja kofia mkononi. Nilikuwa nimemwona baba akikata mti wa watu wanne kuuzunguka, na sikujua kwamba kuna karatasi ndogo inayoweza kumshinda. Lakini kulikuwa na jambo moja. Kila Alhamisi lori la shamba lilishuka kuvuka Loashi kuchukua mbao zilizopasuliwa upande wa msituni, na baba alikuwa mmoja wa wapakiaji. Mtoto aliyemfuata baba yake kwa kumbebea chakula hakuulizwa karatasi. Mama alisema ni bora hivyo, maana aliyemwacha ndiye anayejua amemwacha wapi.

Alinifunga kitambaa chake mgongoni, kikavu na kitupu, fundo kifuani kama vile kuna mtoto ndani. Aliniagiza nimwite nikiwa upande ule, nivuke kwa miguu nikiendelea kumwita, kisha nifunge kitambaa vizuri na nisikitue wala kusema na mtu yeyote mpaka mlangoni kwetu. Dereva wa lori alikuwa mtu wa mzaha, akaniuliza nimebeba upepo wa bei gani. Baba alitazama pembeni. Alikuwa mzee wa kanisa, na nilimwonea huruma kwa aibu niliyokuwa nimembebesha mbele ya wenzake.

Ng'ambo ya Loashi walianza kupakia mbao nami nikaachwa peke yangu barabarani. Sikuwa nimeachwa peke yangu nje tangu tuhame. Barabara ya Walikale ilikuwa pale mbele, imelowa, ikiingia chini ya miti mikubwa, na hapakuwa na mwanzi wala zamu. Nikatembea. Sitaki kudanganya, nilitembea hatua nyingi, mpaka sauti za wapakiaji zikawa ndogo na nikasikia harufu ya majani yanayooza, harufu ya nyumbani. Nilijua nikimwita Byamungu atakuja, na akija hakutabaki tena sababu ya mtu yeyote wa nyumba yetu kurudi nyuma. Nikimwita, ndiyo basi. Nilisimama pale nikiwa na hasira na kila mtu, na baba na herufi zake, na mama na tumbo lake la kutapika, hata na Byamungu mwenyewe aliyeshindwa kuvuka mto mmoja bila kushikwa mkono. Kisha nikakumbuka jinsi alivyochezea sikio langu juu ya daraja lile, akiniamini. Nikageuka. Nilianza kumwita nikiwa bado chini ya miti, "Byamungu, tuende, usibakie," nikafika darajani nikiita, na nilipokuwa katikati ya daraja nikasikia sauti ya pili nyuma yangu, nzito, ya chini, ya mtu anayejifanya anakagua kamba za mzigo. Baba alikuwa anamwita pia.

Tuliporudi jioni mapema, zamu alisimamisha lori kukagua kama hakuna anayeingiza pombe. Aliniona nimekaa juu ya mbao na fundo kifuani.

"Weye mutoto, umebeba nini?"

Nilikatazwa kusema. Nikamkodolea macho tu. Akaamuru nifungue, nikashika fundo kwa mikono miwili, machozi yakaanza. Dereva hakuwa na mzaha tena. Baba akashuka na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Anabeba mudogo yake. Tulimusahau ku Loashi." Zamu alikuwa Mhunde wa milima ileile, mtu wa makamo, mwenye koti la kijeshi lisilo na vifungo. Aliutazama mgongo wangu kwa muda. Halafu akauliza, bila kucheka, "Huyu mutoto iko mu kitabu?" Baba akatoa kitabu chake cha kazi, kile kilichoandikwa mke na watoto wa kila mfanyakazi, akamwonyesha mstari. Zamu hakujua kusoma, wote tulijua, lakini aliweka kidole juu ya jina, akaliangalia, akarudisha kitabu na kuinua mwanzi. Byamungu akaingia kambini kihalali, kama sisi wengine.

Mama alinipokea mlangoni, akakifungua kitambaa na kumfunika nacho mwanawe. Siku ile haikutokea kitu. Siku ya pili haikutokea kitu, nami nikaanza kuamini kwamba mito haisamehe. Siku ya nne niliponda kiazi kwa kidole nikampelekea mdomoni kwa mazoea tu, akala. Akafungua mdomo tena. Wiki iliyofuata mlango ulipozuiwa kwa nje, alisimama, akashika ukuta, akaja kwangu akasema "yaya" kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Nililia mpaka jirani akaja kugonga. Baba alimshukuru Mungu, mganga alisema dawa ya minyoo huchukua muda, mama alikunja kitambaa chake akakiweka. Mimi nimesomesha watoto wa shule miaka zaidi ya thelathini na ninajua minyoo ni nini. Anayetaka kuchagua na achague.

Nilichokijua kule barabarani kilitimia. Mama aliacha kuutazama mwanzi. Mkataba wa miaka mitatu ulipokwisha baba aliandika jina lake tena, sasa kwa haraka zaidi. Bibi alifariki tukiwa hatujarudi, na habari zilitufikia zimeshapoa. Wabelgiji waliondoka, reli iliacha kugongwa, mwanzi ukaoza, na kufikia wakati ambao mtu angeweza kutoka bila kumuuliza yeyote, hatukuwa na pa kwenda. Wazazi wangu wamezikwa kwenye kilima kile. Byamungu alikua mtu wa milima kabisa: anazungumza Kihunde na Kinyarwanda vizuri kuliko lugha ya mama yetu, hapendi ndizi, ana ng'ombe na anatengeneza jibini, na msitu anauita giza. Mimi niliolewa, nikahamia Goma, na kila nyumba niliyoishi nilihakikisha ina mlango wa nyuma.

Siku hizi ninapowasimulia wajukuu habari ya kambi, hawaelewi mtu kuzuiwa kutoka. Wao wanachokijua ni kutolewa. Wameona watu wa Masisi na Walikale wakipita barabara ya Sake na magodoro vichwani, wanahama mara ya tatu, ya tano, watoto migongoni, wakivuka mito mbiombio, na sijui ni nani kati yao anapata pumzi ya kuita jina. Zamani tulifungiwa ndani. Leo watu wanafungiwa nje ya makwao. Nimejaribu kuona lipi ni afadhali, nikaona swali lenyewe ni la mtu aliyeshiba.

Mwezi uliopita, milio ya bunduki ilipokaribia kilima chao, nilimpigia Byamungu simu asubuhi. Majirani wake walikuwa wameshaondoka. Nilimsihi atoke, nikamwambia gari lipo, chumba kipo, nikamkaripia kama vile bado ana mwaka mmoja na nusu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilisikia ng'ombe nyuma ya sauti yake.

"Yaya," akasema, "weye njo ulinileta huku. Ulinileta muzima, hakuna kitu ilibakia ku mayi ya Loashi. Sasa unataka nitoke hapa na nini, mwili tu?"

Nikamwambia afunge mlango vizuri, na asikae na njaa.